Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi, Redio na Uongo Unaopendeza

Katika toleo lililopita nilijibu kwa aya moja tu swali la msomaji aliyetaka kujua kama inafaa kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuchambua propaganda. Nilisema inafaa, na kwamba somo lianze na ujumbe ambao wanafunzi wenyewe wanaupenda. Aya ile imeniletea barua nyingi za walimu na wazazi, na kwa kuwa sikulitendea haki jambo lenyewe, nimewapa nafasi yote ya mwezi huu.

Swali: *Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya kutwa wilayani Ngara, mpakani na Rwanda. Nataka kutumia kisa cha RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea chuki na mauaji ya Watutsi mwaka 1994, kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi propaganda inavyofanya kazi. Mwaka jana nilijaribu, wakasema tu kwamba waliosikiliza redio ile walikuwa watu wabaya na wajinga, tukafunga madaftari. Tena baadhi yao wana ndugu ng'ambo ya mto, nami nachelea kuiamsha chuki niliyokusudia kuieleza. Nianzie wapi?*

Jibu: Mwalimu, umefanya vyema kutoridhika na jibu lile. Mwanafunzi anayeamini kuwa propaganda huwanasa wajinga peke yao amekwisha kujitoa katika hesabu, na yote utakayomweleza baada ya hapo atayasikiliza kama habari za watu wengine. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumrudisha katika hesabu hiyo. Ndiyo maana nakushauri usianze na Aprili 1994, wakati mauaji yamekwisha kupamba moto na kila mtu anajua ni nani wa kulaaniwa. Anza na Julai 1993, mwezi ambao RTLM ilianza kurusha matangazo, kisha waulize wanafunzi swali moja: kwa nini redio hii ilipendwa?

Jibu la swali hilo lina mengi ya kuwafundisha. Redio ya taifa ya Rwanda ilikuwa na lugha ya kiserikali, nzito na kavu. RTLM ilikuja na muziki, ukiwamo ule wa Zaire uliokuwa ukichezwa katika kila mji wa eneo letu, na watangazaji wake walizungumza Kinyarwanda cha mitaani, wakitania na kuwapa wasikilizaji nafasi ya kusikika hewani. Vijana waliifungulia redio kwa ajili ya muziki, na maneno mengine yakaingia yakiwa yamepanda mgongoni mwa muziki huo. Hapo simama, uwaache wanafunzi waorodheshe vipindi na kurasa wanazozipenda wao, na waseme wanazipendea nini. Usiwahukumu na usilinganishe chochote na Rwanda. Wacha orodha ibaki ubaoni.

Hatua ya pili ni maneno, na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi ambayo walimu wa Ulaya hawana, kwa sababu lugha hizi ni ndugu. Chukua matatu. La kwanza ni *inyenzi*, yaani mende. Miaka ya 1960 lilikuwa jina la wapiganaji waliokuwa wakivamia kutoka nje ya nchi, lakini kufikia 1994 lilikuwa limetandazwa juu ya kila Mtutsi, hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kushika fimbo. La pili ni *ibyitso*, wasaidizi wa adui, ambalo lilimfunga mdomo Mhutu yeyote aliyekataa kushiriki, kwani aliyetetea alihesabiwa kuwa mmoja wao. La tatu ndilo linalonitisha kuliko yote: *akazi*. Mwanafunzi wako hahitaji kamusi ili kulielewa, maana ni kazi yetu hii hii, neno la heshima, la baba anayetoka asubuhi na jembe begani. Kuua kuliitwa kufanya kazi. Waulize wanafunzi neno lile liliwafanyia nini waliolisikia: lilificha nini, na lilikifanya kitendo kifanane na nini. Nadhani dakika thelathini juu ya neno hili moja zina faida kuliko vipindi vitatu vya kueleza maana ya propaganda.

Kuhusu hofu yako, nayo ni ya haki, nina mashauri machache. Usiwasikilizishe wanafunzi sauti za matangazo yenyewe. Sauti hubeba utamu ambao maelezo ya mwalimu hayaufuti, na sentensi mbili tatu zilizoandikwa ubaoni zinatosha. Usiwafanye waigize watangazaji, hata kama mchezo wa kuigiza umependekezwa katika mbinu za kufundishia. Na usiwatume nyumbani kuuliza nani alifanya nini. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwenu katika muda wa kama saa 24, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita, waliokimbia hofu, na waliokuwa wameua. Wazee wa Ngara wanaikumbuka kambi ya wakimbizi ya Benaco. Mwanafunzi akitaka kuwahoji, swali liwe juu ya habari zenyewe: mwaka ule redio gani zilisikika hapa kwetu, mlipata vipi kujua kinachotokea ng'ambo, na ni habari zipi ambazo baadaye zilionekana si za kweli? Maswali ya namna hiyo hayamshtaki mtu.

Halafu, mwalimu, usikimalize kisa hiki bila kuwatia wanafunzi shaka juu ya maelezo yako mwenyewe. Wengi wetu husema kwamba redio ndiyo iliyosababisha mauaji, kwa sababu sentensi hiyo ni fupi na inaridhisha. Watafiti hawajakubaliana. Mtafiti wa Kimarekani Scott Straus aliwahoji wafungwa waliokiri kuua, na wengi walimweleza kwamba kilichowatoa majumbani ni viongozi, majirani na makundi yaliyobisha hodi, si sauti ya redio. Mwingine, David Yanagizawa-Drott, alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na milima, akakadiria katika utafiti wake wa 2014 kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika ukatili ilitokana na matangazo hayo. Weka makadirio hayo mbele ya darasa pamoja na usemi ule wa kawaida, uwaulize: je, asilimia 10 ni kidogo? Na ile 90 iliyobaki ilitoka wapi? Mwanafunzi akipambana na swali hilo kwa uaminifu, amekwisha kuanza kufanya kile ambacho mitaala ya Tanzania inakiita fikra tunduizi.

Ukipata kipindi cha ziada, kuna mlango mwingine nao uko karibu, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, ikiwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la *Kangura*. Mwaka 2007 majaji wa rufaa walifuta baadhi ya hatia hizo na kupunguza adhabu hadi vifungo vya miaka 30, 32 na 35. Kwa upande wa redio walitofautisha matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, na yale yaliyofuata, wakiona kwamba haikuthibitishwa kuwa yale ya mwanzo yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa kuua. Maana yake ni kwamba kwa miezi tisa redio ilizungumza maneno ambayo baadaye mahakama isingeyafungia mtu kwa kosa hilo, na katika miezi hiyo hiyo masikio ya watu yalikuwa yakizoeshwa. Rudi sasa kwenye orodha yenu iliyobaki ubaoni. Waulize wanafunzi: msikilizaji wa Desemba 1993 angeweza kugundua nini, na kwa kusikiliza nini?

Swali: *Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari msingi, Nakuru. Niliwafundisha wanafunzi wa Gredi ya 9 orodha ya hila saba za propaganda. Waliifurahia sana, lakini sasa kila nikiwaletea makala wanapiga kelele wakitaja hila hii na ile kabla hawajasoma aya ya pili, na wengi wamefikia kusema kwamba vyombo vyote vya habari ni vya uongo. Nimekosea wapi?*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, kosa hilo lina umri wa karibu miaka tisini, kwa hiyo usijilaumu kupita kiasi. Orodha yako ilitoka New York. Mwaka 1937 Clyde Miller, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ualimu cha Columbia, alianzisha taasisi ya kuchambua propaganda kwa fedha za mfanyabiashara Edward Filene, wakati ambapo redio za Ulaya zilikuwa zimejaa Hitler na Mussolini, na huko huko Marekani padri Charles Coughlin alikuwa akiwahubiria mamilioni ya watu chuki dhidi ya Wayahudi. Taasisi hiyo ilizitaja hila saba: kupachika majina mabaya, maneno matamu yasiyo na mwili, kuazima heshima ya kitu kingine, ushuhuda wa mtu maarufu, kujifanya mwananchi wa kawaida, kupanga ushahidi upande mmoja, na ile ya "wenzako wote wameingia, umebaki wewe". Shule nyingi za Marekani zilitumia vitabu vyake. Ilifungwa mwaka 1942, nchi ikiwa vitani, na mojawapo ya lawama ilizozibeba ni hiyo hiyo unayoieleza: kwamba vijana walijifunza kukataa kila kitu.

Mwanafunzi anayesema kwamba wote ni waongo hajapata ulinzi wowote. Anaonekana mjanja, lakini ukimchunguza utaona kwamba bado kuna mtu anayemwamini, kwa kawaida rafiki, au mtu wa kwenye simu anayezungumza kwa sauti ya kujiamini. Shaka yake imemwondolea gazeti lenye mhariri na anwani, ikamwachia sauti isiyo na mwenyewe. Wenye propaganda wanaipenda sana hali hiyo, kwa maana mtu ambaye haoni tofauti kati ya chanzo na chanzo atachagua kwa mapenzi yake.

Kwa hiyo orodha iweke kando kwa muhula mmoja, na badala ya kuuliza "hila gani imetumika?" uliza "mwandishi amelijuaje jambo hili?" Swali la pili humlazimisha mwanafunzi kusoma hadi mwisho. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, na hiyo ni bahati, kwa sababu chombo chako ni lugha. Waletee sentensi mbili juu ya tukio moja, moja ikisema *magaidi wa Mau Mau* na nyingine *wapiganaji wa ardhi na uhuru*. Waeleze kwamba serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, kwamba marufuku dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa sheria katika Kenya huru hadi 2003, na kwamba mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa. Waulize ni nani alilitumia kila jina, lini, na alikuwa na haja gani nalo. Kisha, na hapa usiogope, waulize kama jina la pili nalo linaficha chochote, kwani wapo Wakikuyu waliouawa na Wakikuyu wenzao katika vita vile, na jina tunalolipenda halisemi lolote juu yao. Walimu wa Tanzania wanaweza kufanya zoezi hilo hilo kwa *uasi* wa Majimaji katika taarifa za Wajerumani na *vita* vya Majimaji katika vitabu vyetu, au kwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Nilipoichambua hotuba hiyo darasani kwangu, jinsi sababu, uwezo na nia vilivyopangwa hadi msikilizaji akabaki hana njia nyingine ya kutokea, mwanafunzi mmoja alikasirika akaniuliza kama nilikuwa upande wa Amin. Nilimjibu kwamba naamini vita ile ilikuwa ya haki, na kwamba kuona jinsi hotuba ilivyonishika mimi mwenyewe hakunipunguzii imani hiyo. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaridhika, na ninayahesabu majuma yale kuwa sehemu ya somo.

Lipo jambo la pili la kuwafundisha, ambalo orodha ya 1937 haikuweza kulijua. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho kurasa za intaneti wazipime. Mojawapo ya kazi ilikuwa kulinganisha kurasa mbili za madaktari wa watoto, moja ya chama kikubwa kilichoanzishwa 1930, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya ukurasa, wakisoma kwa makini na kusifu nembo na marejeo. Wahakiki walitazama kidogo tu, wakatoka, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni akina nani, na wengine wanasema nini juu yao? Kwa muda mfupi walikuwa wamegundua tofauti ambayo wengi hawakuiona kabisa. Wazazi wetu hawakupima posa kwa kumsikiliza mshenga. Walituma mtu kijijini kwa mchumba kuuliza majirani. Ukianza na mfano huo, wanafunzi wako watalielewa jambo hili kabla hujawasha kompyuta.

Swali: *Mimi ni mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam. Binti yangu wa darasa la tano aliona katika kundi la ukoo kwenye simu yangu ujumbe wa mama mkwe wangu unaosema kitunguu saumu kinaponya shinikizo la damu na vidonge vya hospitali havina haja. Akamwuliza, "Bibi, umejuaje?" Mama mkwe amekasirika, anasema nimemlea mtoto bila adabu. Je, mtoto wa umri huu anaweza kweli kujifunza mambo haya, au namharibu?*

Jibu: Mama, anaweza, na ushahidi mzuri ninaoujua umetoka Uganda, jirani zetu. Watafiti wakiongozwa na Allen Nsangi na Daniel Semakula, pamoja na wenzao wa Norway, waliandaa masomo kwa watoto wa umri wa binti yako, katika kitabu cha hadithi za picha, juu ya namna ya kuyapima madai ya tiba. Walizigawa kwa kura shule 120 za msingi za katikati ya Uganda katika makundi mawili, watoto zaidi ya 10,000 kwa jumla. Mtihani ulipofanywa, asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu, na asilimia 27 ya wale ambao hawakufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Somo mojawapo ni lile lile alilolifikia binti yako bila mwalimu: kwamba mtu kupona baada ya kutumia kitu hakuonyeshi kwamba kitu hicho ndicho kilichomponya, maana huenda angepona hata bila hicho, na ndiyo sababu ni lazima kulinganisha.

Lakini nakubaliana na mama mkwe wako kwa sehemu. Swali "umejuaje?" likitoka kwa mtoto kwenda kwa bibi yake mbele ya ukoo mzima, hata likiwa la haki, limemvua bibi nguo. Mfundishe binti kulipeleka swali kwenye ujumbe na kumwacha mtu katika heshima yake: "Shikamoo bibi, huu ujumbe ulitoka kwa nani, nasi tumwulize?" Mara nyingi itabainika kwamba bibi naye aliupokea kutoka kwa mwingine, na kwamba yeye ni mpokeaji kama sisi wote. Mwonyeshe pia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, ambayo huonyesha kwamba umepitishwa mikono mingi. Alama hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia huenda hajui ulipoanzia.

Na wewe mwenyewe, leo hii kabla ya jambo lingine lolote, hakikisha mama mkwe hajaacha vidonge vyake. Mtume mwanawe akazungumze naye faraghani, au amsindikize kliniki, amwache daktari aliyemwandikia dawa amweleze. Adabu ya mtoto mtaizungumza baadaye, bibi akiwa na afya.

Swali: *Shule yetu iko kijijini Tunduru, haina intaneti wala kompyuta, na wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Je, yote haya yanatuhusu?*

Jibu: Yanawahusu sana, tena mna vifaa tele. Kuna redio inayosikika katika kila kibanda cha chai. Kuna tangazo la mganga anayedai kurudisha mali iliyopotea na mpenzi aliyeondoka, lililobandikwa kwenye nguzo au mti wa stendi. Kuna kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu, na magazeti ya zamani yanayofungiwa maandazi. Waambie wanafunzi walete ujumbe mmoja kila Jumatatu, waliounakili kwa mkono, na wagawe ukurasa wa daftari sehemu tatu: ujumbe unasema nini, nani anafaidika nikiuamini, na ni nani hapa kijijini ninayeweza kumwuliza anayelijua jambo hili kuliko mimi. Sehemu ya tatu itabaki tupu kwa wengi wiki za mwanzo. Usiwajazie. Wape hadi Ijumaa waende kwa bwana shamba, kwa mkunga wa zahanati, kwa fundi au kwa mzee wa mtaa, kisha warudi na jina la waliyemwuliza na maneno aliyowajibu.